Nani Ataitikia Mwano?

Zamani Usukumani, kusikia mwano ukabaki umelala lilikuwa kosa la kujibiwa. Mwano ni yowe la hatari. Mtu akivamiwa, ng'ombe wakiibwa, fisi akiingia zizini au nyumba ikishika moto, anayeona kwanza hupaza sauti kwa nguvu zake zote. Jirani hulidaka yowe na kulipeleka kwa jirani wa mbele, na kila mwenye miguu hutoka. Kwa mwizi walitoka na pinde na mikuki. Kwa moto walitoka na maji, matawi mabichi na miti mirefu ya kung'olea nyasi za paa. Kulipokucha, banamhala, yaani wazee wa eneo, walimwita ambaye hakuonekana wakamuuliza alikuwa wapi. Kama hakuwa na jibu alitozwa, na akizoea tabia hiyo, siku ya shida yake alipiga mwano peke yake.

Mimi ni fundi umeme. Nilijifunza kazi VETA hapa Shinyanga, nikafanya vibarua vya ukandarasi migodini, na sasa nafunga na kuhudumia ving'ora vya moshi kwenye nyumba za watu, kuanzia Kahama mpaka Katoro na Geita mjini. Mafundi wenzangu huviita ditekta, na wateja wameniita mama ditekta. Nikishakaza skrubu ya mwisho, mwenye nyumba huuliza, "Sasa tuko salama, mama?" Siwezi kumjibu kwa neno moja. Jibu langu linaanzia kwenye kaya za bibi zetu, ambako kazi hii ya kuamsha waliolala ilifanywa na watu.

Bibi mzaa baba alizaliwa upande wa Kishapu kwenye msonge, nyumba ya duara ya miti na udongo, paa la nyasi limeshuka mpaka unainama kuingia. Moto wa kupikia ulikuwa ndani. Usiku kaa lilifukiwa kwenye majivu ili asubuhi mtu asiende kuomba moto kwa jirani. Moshi haukuwa na bomba wala dirisha la kutokea. Ulipanda taratibu ukapenya kwenye nyasi, na humo njiani ulikuwa na kazi: ulifukuza mbu, ulizuia wadudu wasitoboe miti ya paa, ulikausha mbegu za mtama na mahindi zilizotundikwa juu. Ndani palikuwa peusi kwa masizi na watu walipapenda hivyo. Katika nyumba ya namna hiyo moshi peke yake haukumtisha mtu. Kilichowaamsha kilikuwa kingine: nyasi kutatarika, mwanga mahali ambapo haukutakiwa kuwa, mbwa, ng'ombe kuanza kuhangaika zizini.

Halafu kaya haikulala yote kwa pamoja. Wanaume walikaa jioni kwenye shikome, moto wa uani, ambako wageni walipokelewa, habari zikasimuliwa na vijana wakafundishwa. Maongezi yalikwenda mpaka usiku mkubwa. Vijana walilala karibu na mifugo, usingizi wao mwepesi. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alikuwa macho mara kadhaa kabla ya alfajiri. Ukijumlisha hao wote, hapakuwa na saa ya usiku ambayo kaya nzima ilikuwa imezimika.

Msonge ukishika moto kiangazi, Agosti au Septemba, wakati upepo unavuma na nyasi zimekauka, haukuokolewa. Bibi alisema ungeweza kuhesabu watoto waliotoka, ukamaliza kuhesabu, na paa limeshaanguka. Kwa hiyo walioitikia mwano hawakuja kuizima nyumba inayowaka. Walikuja kutoa watu, kufungua zizi, na kung'oa nyasi kwenye paa la jirani kabla cheche hazijafika. Kaya zenyewe zilijengwa mbalimbali, kila moja na ua wake wa minyaa, mmea uliojaa utomvu ambao ukiwa mbichi hauwaki kirahisi. Nadhani wazee walijua vizuri walichokuwa wanakifanya.

Lakini sitaki kuisifu zamani kupita kiasi, maana moshi huohuo ulibeba ukatili ambao Shinyanga haijamaliza kuulipia.

Nchi hii ilikuwa na miti. Kati ya vita viwili vya dunia ikaanza vita ya ndorobo, yaani mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa hapa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, na njia mojawapo kubwa ilikuwa kufyeka mapori ili wadudu wakose kivuli. Watu kwa maelfu walikusanywa kufyeka. Baadaye pamba ikataka mashamba, mifugo ikataka malisho, na kufikia miaka ya 1980 mkoa ukawa mweupe kiasi kwamba mwaka 1986 ilibidi uanzishwe mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha watu kwenye ngitili, malisho yanayofungwa ili nyasi na miti irudi. Katika miaka yote ya uhaba wa kuni, mama zetu walipikia samadi iliyokaushwa, mabua ya mtama na vijiti vya pamba. Moto wa vitu hivyo hutoa moshi mzito unaouma. Mwanamke aliyeinamia jiko la aina hiyo kwa miaka arobaini huzeeka na macho mekundu.

Na macho mekundu yakafanywa ushahidi wa uchawi. Kati ya mwaka 1970 na 1984, takwimu za serikali zilihesabu watu 3,693 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Wengi waliuawa usiku, majumbani mwao, kwa panga. Walipiga mwano. Ninaamini walipiga, kwa sababu hakuna Msukuma asiyejua kufanya hivyo. Vijiji vilisikia na milango haikufunguliwa. Bibi yangu naye alikuwa na macho mekundu, na baba alimhamishia mjini, Ngokolo, kabla hajaanza kunyooshewa kidole. Aliishi nasi mpaka alipofariki. Kila usiku alikagua komeo la mlango kwa mkono wake mwenyewe, hata baada ya baba kukagua.

Ndiyo maana anaponiambia mtu kwamba zamani tulikuwa na umoja, namkubalia kwa tahadhari. Mwano ulikuwa mfumo mzuri wa kuokoa watu, na ulifanya kazi kwa wale tu ambao majirani walitaka kuwaokoa.

Sauti ya chuma ililetwa na reli. Njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928 na ikapita Shinyanga, na baada ya hapo kipande cha reli kilichochakaa kikaanza maisha ya pili. Kilitundikwa kwenye mti wa shule, kwenye uwanja wa misheni, kwenye ghala, kikapigwa kwa bolti au nyundo. Shule niliyosoma ilikuwa nacho. Mapigo ya polepole yaliita darasani. Mapigo ya harakaharaka, yasiyo na nafasi katikati, yalikuwa ya hatari, na hatukuhitaji kufundishwa mara mbili kuyatofautisha.

Pamba ndiyo iliyokifanya chuma hicho kuwa cha lazima. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vya kanda ya ziwa viliungana kuwa shirikisho la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, na viwanda vya kuchambua pamba vikaanza kuwa mali ya wakulima wenyewe. Pamba ina tabia mbaya na moto. Cheche ikiingia ndani ya robota huweza kufuka kimyakimya kwa saa nyingi, hata siku, bila mwali, halafu likipata hewa linalipuka. Kwenye viwanda kiberiti kilikatazwa langoni, ndoo za mchanga zilipangwa ukutani, na mlinzi wa usiku alitembea akinusa. Nyumbani hapakuwa na mlinzi. Mkulima aliyevuna alirundika pamba chumbani anamolala akisubiri ununuzi ufunguliwe, na taa ya chumba hicho ilikuwa koroboi, utambi ndani ya kopo la mafuta ya taa. Mimi mwenyewe nimelala juu ya pamba nikiwa mtoto. Hakuna godoro laini kuliko hilo, na leo nikilikumbuka natetemeka.

Operesheni ya mwaka 1974 ya kuhamishia watu vijijini ikabadili jiografia ya mwano. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zililetwa kwenye vijiji, nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Sehemu mbalimbali za nchi nyumba za zamani zilichomwa moto ili watu wasirudi. Shule, zahanati na kisima vilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema. Lakini paa za nyasi nazo zilisogeleana, na minyaa haikuwa imeota.

Kisha ikaja filimbi. Baada ya vita ya Uganda bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kumwaga damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walianzisha Sungusungu, wenyewe wakaiita busalama. Walichofanya kilikuwa kuurudisha mwano na kuupa nidhamu: kamanda, doria za zamu, pinde, filimbi kwa kila mlinzi, na faini kwa asiyetoka. Ng'ombe waliibwa jioni, na kabla hakujapambazuka wilaya tatu zilikuwa zimeamka. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi ndani ya sheria. Mikono yao haikuwa safi; wapo waliopigwa na kufukuzwa vijijini bila kosa, na vikongwe waliteswa tena kwa jina la usalama. Ila kwa upande wa moto nawapa heshima yao. Nilipokuwa binti, filimbi ikilia nyumba ikiwaka, watu walifika kabla hujamaliza kutoa vyombo.

Dhahabu ndiyo iliyotuvunjia mfumo huu, na sisemi hivyo kwa kuichukia, maana imenilisha. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na kampuni ilikuwa na nyumba zake, walinzi wake na kanuni zake. Rashi za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa kitu kingine. Habari ikitoka kwamba jiwe limeonekana mahali, ndani ya wiki moja panasimama mji wa miti na maturubai. Waha, Wakurya, Wasukuma, Wanyamwezi, Wahaya, Wakongo, kila mtu na lakabu yake, hakuna anayejua jirani anaitwa nani kwao. Ndani ya banda moja utakuta jiko la mkaa, madumu ya petroli ya pampu na jenereta, mshumaa juu ya kopo, na watu sita wamelala wakiwa wamechoka kwa kazi ya kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Turubai la nailoni likishika moto hudondosha matone yanayowaka. Moto hupita juu, kutoka banda hadi banda, kwa kasi kuliko mtu anavyoamka. Na ukipiga yowe, karasha linasaga mawe, muziki wa baa unavuma, na jenereta zinanguruma. Anayesikia anadhani ni ugomvi wa walevi, anageukia upande wa pili.

Chini ya ardhi ni vibaya zaidi. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo shimo linashikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa ukutani, na hewa inashushwa kwa mpira. Ishara ya hatari ni kamba: unaivuta, walioko juu wanajua. Jenereta likiwekwa karibu na mdomo wa duara, moshi wake hushuka pamoja na hewa, na sumu iliyomo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Mtu anahisi usingizi na kichwa kizito. Anakaa kupumzika. Anayeshuka kumtoa anakaa pembeni yake.

Migodi mikubwa iliyofunguliwa baadaye, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, ilikuja na elimu ya dunia nzima kuhusu jambo hili. Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kufanya kazi za ukandarasi kilikuwa njia inayotumika kwenye migodi ya chini ya ardhi duniani: kengele ya harufu. Chini huko mashine za kuchoronga zinaua kila sauti, kwa hiyo moto ukitokea kemikali inayonuka vibaya mno inaachiwa kwenye hewa inayosukumwa ndani. Ni ya jamii ileile inayotiwa kwenye gesi ya kupikia ili mtungi ukivuja unuse. Mchimbaji akiinusa anaacha kila kitu na kwenda kwenye chumba cha kujihifadhi chenye hewa yake na maji yake. Na pale juu kuna mtu mwenye orodha ya majina, anayesubiri kila kundi litoe taarifa. Nilipoelezwa habari ya orodha hiyo niliwakumbuka banamhala.

King'ora cha moshi cha nyumbani nacho kilizaliwa kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa anajaribu kutengeneza chombo cha kugundua gesi ya sumu. Gesi haikukishtua chombo. Akawasha sigara, na mshale ukacheza, kwa sababu moshi ulikuwa umeingia kwenye chemba yake. Ilichukua muda mrefu mpaka Mmarekani Duane Pearsall mwaka 1965 alipopata kifaa cha betri cha bei ya mtu wa kawaida. Mpaka leo viko vya aina mbili kuu. Kimoja kina chembe ndogo mno ya amerisiamu, elementi ya mnururisho, na huwahi kushtuka kwa moto wa mwali. Kingine kina mwanga mdogo ndani ya chemba yenye giza. Moshi ukiingia unautawanya mwanga, na jicho la kifaa linauona. Hiki cha pili huwahi moto unaofuka, wa godoro, nguo, au pamba. Kwa nyumba zetu mimi napendekeza hiki.

Wengi wanaoniita ni watu wa Kahama na Katoro waliojenga kwa fedha za dhahabu au biashara. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati la rangi, dari ya jipsamu, madirisha ya vioo na nondo, mlango wa chuma na geti. Kila kitu kimewekwa kumzuia anayeingia kutoka nje, na aliyeko ndani hakufikiriwa. Usiku pikipiki inaingizwa sebuleni isiibiwe, tangi limejaa petroli. Simu zinachajiwa juu ya godoro, chini ya chandarua. Umeme, tangu mradi wa vijijini ulipoanza mwaka 2007 kusambaa kata hadi kata, umefika mahali ambapo fundi mwenye leseni hajafika, na kishoka ameunga waya mwembamba wa taa kwenye soketi ya jiko. Kabla ya kutoa drili kwenye mkoba nauliza mambo manne: pikipiki inalala wapi, ufunguo wa geti unalala wapi, nani ana usingizi mwepesi, na dirisha gani lina nondo zinazofunguka kwa ndani. Mara nyingi hakuna. Basi kabla ya king'ora nawaambia wamwite fundi wa kuchomelea, atengeneze dirisha moja la kila chumba liwe na bawaba na komeo la ndani.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Moshi hupanda, kwa hiyo mahali pake ni darini, katikati ya chumba, mbali na kona, maana pale dari inapokutana na ukuta hewa hutuama. Ikibidi ukutani, kisizidi sentimita 30 kutoka darini. Kimoja ndani ya kila chumba cha kulala, kimoja kwenye korido inayovihudumia. Jikoni hapana, kiwe mbali na jiko kwa mita 3 au zaidi, la sivyo kitalia kila ukikaanga dagaa, na kinacholia kila siku kitang'olewa betri. Hii ndiyo shida ya msonge wa bibi imerudi: nyumba ambayo moshi ni wa kila siku haiwezi kutegemea moshi kama ishara. Anayepikia kuni ndani namshauri kwanza ajenge jiko nje.

Nyumba isiyo na dari inataka akili zaidi. Bati la Shinyanga mchana linachoma, na kifaa kikigandamizwa juu yake joto litakiua. Mimi nakifunga kwenye mbao ya kenchi, karibu na kilele cha paa lakini si kileleni kabisa. Sentimita 10 za mwisho hewa haizunguki. Nyumba za kupanga ndizo zinazonikosesha usingizi. Kuta za vyumba zinaishia kwenye usawa wa mlango, juu kuko wazi, na paa moja linafunika vyumba vyote. Mpangaji wa chumba cha kwanza akiacha pasi ikiwaka, moshi unamfikia wa chumba cha mwisho kabla mwenyewe hajaamka. Hapo nafunga vinavyowasiliana: kimoja kikilia vyote vinalia.

Matunzo ndiyo yanayowashinda watu. Vumbi letu ni jingi, na mijusi na wadudu wadogo hupenda kujificha kwenye chemba. Kila baada ya miezi michache kifutwe kwa brashi laini au kipulizwe kwa upole. Kisioshwe kwa maji, kisipakwe rangi na mafundi wa rangi. Kila mwezi bonyeza kitufe cha majaribio. Betri ya kawaida ibadilishwe kila mwaka, na kifaa chenyewe baada ya miaka 10, hata kama kinaonekana kizima. Mlio mfupi wa mara mojamoja maana yake betri inaisha; watu huuona usumbufu wakakifungia kabatini. Na jambo moja nalirudia mpaka nachoka: king'ora cha moshi hakigundui kaboni monoksidi. Usiku wa baridi ukiingiza jiko la mkaa chumbani ili upate joto, hakitakuamsha. Ni ileile sumu ya kwenye duara.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, waliwajaribu watoto waliolala na kukuta kwamba wengi hawakuamka kwa mlio mwembamba wa king'ora cha kawaida. Walipoweka mlio mzito zaidi pamoja na sauti ya mwanamke, waliamka wengi zaidi. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Mwano ulikuwa sauti ya mtu, na mara nyingi ya mwanamke, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho. Kwa hiyo nawaambia wazazi wasidhani mtoto atatoka mwenyewe; mmoja wao awe na jukumu la kwenda kumbeba, na lijulikane kabla.

Tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 baada ya miaka mingi ya vikosi kuwa chini ya halmashauri, na namba yake ni 114. Naibandika kwenye kila mlango ninapofanya kazi. Ila gari linatoka mjini, na barabara za vumbi kwenda kwenye machimbo ni ndefu. Dakika za mwanzo ni za jirani. Mwaka 1994 sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro, ilipoteza wasichana zaidi ya 40 kwenye bweni usiku mmoja. Septemba 2020, huko Kyerwa, Kagera, watoto 10 wa shule ya msingi ya Byamungu walikufa kwa moto wa bweni. Tangu Kyerwa, mabweni ya shule ndogondogo nayafanyia kazi kwa bei ya vifaa tu, na matroni namtaka alale ndani, upande wa mlango, ufunguo ukiwa shingoni.

Mwaka juzi, kwenye nyumba ya wapangaji mjini Kahama, nilifunga ving'ora vinavyowasiliana, nikabonyeza kitufe cha majaribio saa kumi na mbili jioni. Vyote vililia pamoja. Watu walichungulia dirishani, wakaona ni fundi, wakarudi ndani. Nyumba ya jirani hakutoka hata mmoja. Nilimwambia mwenye nyumba sijamaliza kazi. Tuliwaita wapangaji wote na balozi wa mtaa, tukakaa uani. Mama mmoja anayeamka saa kumi usiku kukanda maandazi alikubali kuwa wa kwanza kupiga yowe. Kijana wa bodaboda alikubali pikipiki ilale nje kwa mnyororo, wenzake wakachangia kufuli. Funguo za geti zikachongwa, kila chumba kikapewa wa kwake. Ikapangwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi kitufe kibonyezwe, na asiyetoka alipie betri mpya. Mzee mmoja Msukuma aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akacheka kwa furaha, akasema faini hiyo aliijua tangu yuko mtoto, na yeye ndiye aliyependekeza bibi mpweke wa chumba cha nyuma apewe mtu maalumu wa kumtoa, kwa jina, mbele ya wote.

Sasa kazi yangu haiishi kwenye skrubu. Kila ninapofunga nawaita majirani waje wausikie mlio huo mchana, waujue, wakubaliane nani anakimbilia mlango gani. Majina yao nayaandika nyuma ya risiti, na nakala moja inabaki kwa balozi.